Stima ya Kale katika Kuta za Kiogoro

Mto Gucha huanzia vilima vya Gusii, huteremka hadi Migori na kuingia Ziwa Viktoria kwa jina la Kuja. Miaka ya 1950 maji yake yalizungusha mitambo ya Gogo, megawati 2 hivi, kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Huko vilimani maji yalikotoka, watu waliendelea kuwasha koroboi.

Ndivyo stima ilivyotembea Kenya: ilifuata anayelipa. Mombasa na Nairobi zilikuwa na kampuni zao tangu 1908, zikaunganishwa mwaka 1922 kuwa East African Power and Lighting. Vijiji kama vya Kiogoro, nje kidogo ya mji wa Kisii, vilingoja. Mpango wa umeme vijijini ulianza 1973, na wenye kipato au wenye boma karibu na laini ndio walioonja mwanzo. Hadi 2015 kuunganishiwa kulifika shilingi 35,000. Mradi wa Last Mile ukaishusha bei hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma, na nyumba za udongo zikapata ubao mdogo wenye soketi na balbu.

Kwa hiyo kilima kimoja cha Gusii chaweza kuwa na nyaya za vizazi vitatu. Fundi akifungua swichi, anakisia umri wa nyumba. Waya wa mpira uliofunikwa uzi ni wa kabla ya plastiki kuenea. Mpira huo hukauka, na ukiguswa tu unamomonyoka. Huo haurekebishwi, unang'olewa. Plastiki nyekundu na nyeusi ilifuata, kisha kahawia na buluu, rangi ambazo Uingereza ilizipitisha mwaka 2004. Rangi peke yake si ugonjwa. Jambo la kutazama ni waya wa ardhi: taa nyingi za zamani hazina.

Hata hivyo, kinachoziua nyaya za mashambani si uzee tu. Nyumba iliyowekewa stima wakati wa balbu tatu na redio sasa ina birika, pasi, friji, na shawa ya maji moto ya wati 5,400. Kwa volti 240, shawa hiyo inavuta ampea 22.5. Waya mwembamba wa taa hauwezi kubeba mzigo huo bila kuchemka ukutani, mahali ambapo hakuna anayeuona.

Dalili huja mapema. Balbu zinafifia birika likiwashwa, soketi inakuwa ya moto au inageuka kahawia, plastiki inanuka kuungua. Fyuzi inakatika kila wiki, na hapo ndipo hila ya hatari inapoingia: mtu anaitoa, anatia waya mnene. Fyuzi iliwekwa iwe dhaifu kwa makusudi. Ikiimarishwa, kinachobaki kuungua ni paa.

Kisha kuna nyongeza. Kijana anajengewa esaiga, nyumba yake ya ujana, na stima inavutwa kutoka soketi ya nyumba ya mama, ikipita juu ya migomba. Panya wanatafuna, mvua inapenya kwenye viungo, nayo radi haikosekani Gusii.

Sheria inataka nyumba ikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi, atoe cheti cha waya kabla ya mita kufungwa. Baada ya hapo nyumba inaongezwa vyumba miaka ishirini bila mtu kurudi kuitazama. Kinachohitajika ni fundi mwenye megga, kifaa cha kupimia kinga ya nyaya. Anachomoa vifaa vyote, anazima meini, anapima kinga ya nyaya kwa volti 500. Ikisomeka chini ya megohmu 1, tatizo lipo.

Gharama itategemea alichofanya fundi wa kwanza. Kama alipitisha nyaya ndani ya paipu, mpya huvutwa kwa siku chache. Kama alizizika moja kwa moja kwenye plasta, inabidi mwashi atangulie na patasi.