Jicho katika Kiluwi

Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Hattusa, mji mkuu wa Wahiti katika Uturuki ya leo, yamehifadhi manuizo ya uganga kwa Kiluwi, na humo limo neno “tawi” (si lile la mti). Maana yake haina ubishi: ni jicho, na lugha ya Likia, jamaa yake wa karne za baadaye, huyaita macho “tawa”.

Ubishi uko kwenye asili. Kihiti, lugha ndugu, husema “sakuwa”, na wapo wanaisimu wanaoyatoa maneno haya mawili kwenye shina moja. Mwisho wa neno hausumbui sana, maana kw iliyolainika yaweza kuishia w. Mwanzo ndio mgumu. Mtetezi wa udugu huo atataja “siwat”, siku kwa Kihiti, na Tiwad, mungu jua wa Waluwi. Lakini hapo sauti ya asili ni d, iliyogeuka s kwa Wahiti kwa kufuatwa na y. Katika “sakuwa” hakuna y, tena kwingine Kiluwi huitunza s, kama katika “sarri”, yaani juu. Mpaka ipatikane kanuni ya kuigeuza s hiyo kuwa t, udugu huo utabaki dhana nzuri isiyothibitishwa.