Manowari ya Königsberg katika umbo dogo: jinsi mfano wa meli ya vita unavyoundwa

Uundaji wa mifano ya manowari ni kazi ya kuiunda upya meli ya vita kwa vipimo vilivyopunguzwa kwa uwiano mmoja, ili kila kiungo chake, kuanzia mkuku hadi ncha ya mlingoti, kibaki na nafasi na ukubwa unaostahili. Makala haya yanaeleza hatua za kazi hiyo kwa kutumia meli ambayo historia yake inagusa nchi kadhaa za ukanda wetu: SMS Königsberg ya Ujerumani, iliyozama katika delta ya mto Rufiji mwezi Julai 1915.

Meli yenyewe

Königsberg ilishushwa majini mjini Kiel tarehe 12 Desemba 1905 na kuanza utumishi mwaka 1907. Ilikuwa kruza nyepesi yenye urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2. Ilikuwa na dohani tatu, milingoti miwili na mizinga mikuu 10 ya milimita 105. Mwezi Juni 1914 iliwasili Dar es Salaam chini ya nahodha Max Looff.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli hiyo ilitoka baharini kuwinda vyombo vya Waingereza. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia na kuizamisha HMS Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Baadaye mitambo yake ilihitaji matengenezo, ikajificha katika mikono ya Rufiji, na Waingereza wakaufunga mlango wa mto. Sehemu za mitambo zilisafirishwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Hatimaye, tarehe 11 Julai 1915, meli mbili zenye uwezo wa kupita maji machache, Severn na Mersey, ziliipiga zikisaidiwa na ndege zilizotumwa kutoka kisiwa cha Mafia. Looff aliamuru meli yake izamishwe.

Miaka iliyofuata, mabaki yake yaliondolewa kwa sehemu, na yaliyosalia yakadidimia katika matope. Anayetaka kuliona umbo lake leo hana budi kutegemea picha, michoro na mifano.

Kuchagua uwiano

Viwango viwili vinatumika zaidi kwa manowari: 1:350 na 1:700. Kiwango cha pili kilienea sana tangu mwaka 1971, pale viwanda vya mji wa Shizuoka nchini Japani vilipoanza kutoa kwa pamoja mfululizo wa meli zinazoishia kwenye usawa wa maji, bila sehemu ya chini.

Katika uwiano wa 1:350, Königsberg huwa na urefu wa karibu sentimita 33 na upana wa milimita 38. Katika 1:700 urefu huo hupungua hadi sentimita 16.5. Baharia mwenye kimo cha mita 1.7 huwa na milimita 4.9 katika kiwango cha kwanza, na milimita 2.4 katika cha pili. Hesabu hii ndiyo inayomwadibisha fundi: kosa la milimita moja katika 1:350 ni sawa na sentimita 35 kwenye meli halisi, na katika 1:700 ni sentimita 70. Mlango uliowekwa pabaya kwa kiasi hicho utampeleka baharia ukutani.

Umbo na sitaha

Mfano unaweza kuanzia kwenye plastiki iliyomiminwa kiwandani, kwenye utomvu wa kemikali uliogandishwa, au kwenye mbao, ambapo fundi husimamisha mataruma juu ya mkuku na kuyavika ubao mwembamba, kama wanavyofanya waundaji wa vyombo vya pwani. Njia zote hukutana katika jambo moja: umbo lazima linyooke kabla ya kitu kingine chochote. Nyufa hujazwa puti, kisha husuguliwa kwa msasa laini uliotiwa maji. Umbo lililopinda haliwezi kufichwa kwa rangi.

Sitaha hupakwa rangi mapema, kabla ya majengo na mizinga kuwekwa, kwa sababu baada ya hapo brashi haipati njia. Dohani, madaraja na mashua ndogo huandaliwa mbali na meli, zikapakwa rangi peke yake, ndipo zikakusanywa.

Mizinga 10 ya Königsberg inadai uangalifu wa pekee. Miwili ilikaa sambamba kwenye omo, miwili sambamba kwenye tezi, na sita katikati, mitatu kila upande. Mtutu mmoja ulikuwa na urefu wa takriban mita 4.2, ambao katika 1:350 ni milimita 12 tu. Plastiki ya kawaida haitoi mtutu mwembamba kiasi hicho bila kupinda, hivyo mafundi hupendelea mitutu ya shaba iliyochongwa kwa mashine.

Vyuma vya ukingoni na kamba

Reli za ukingoni, ngazi na magurudumu ya usukani hukatwa kutoka katika bati jembamba sana la shaba ambalo limeliwa na tindikali kwa kufuata mchoro. Reli yenye kimo cha mita moja huwa na milimita 1.4 katika 1:700. Fundi huishika kwa kibano, huikunja kwa kufuata mstari wa sitaha, na huigusisha tone dogo la gundi inayokamata papo hapo. Gundi ikizidi, huziba matundu ya reli na kuifanya ionekane kama ukuta.

Kamba za milingoti hufungwa mwisho. Kamba yenye unene wa sentimita 3 inapaswa kuwa chini ya milimita 0.1 katika 1:350, yaani karibu na unywele wa mtu. Uzi wa kushonea ni mnene mno kwa kazi hii. Hutumika nyuzi za nailoni zilizo nyembamba mno, au plastiki iliyovutwa juu ya moto wa mshumaa hadi ikawa uzi.

Rangi na tarehe

Swali gumu kuliko yote si la mkono bali la tarehe. Meli hubadilika: hupakwa rangi upya, huongezewa vifaa, hupoteza vingine. Picha za nyeusi na nyeupe huonyesha weupe na weusi, wala hazitaji rangi. Kwa hiyo mfano mmoja hauwezi kuwa Königsberg ya Kiel na ya Rufiji kwa wakati mmoja. Anayechagua Dar es Salaam ya Juni 1914 ataunda meli nadhifu ya kipindi cha amani. Anayechagua Rufiji atahitaji kutu, michirizi ya chumvi, maji yenye rangi ya tope, na majani yaliyofungwa juu ya milingoti ili meli isionekane kutoka mbali. Mkoko wa mita 10 kando yake utakuwa na kimo cha sentimita 2.9.

Kilichobaki kwa macho

Baada ya meli kuzama, mizinga yote 10 ilitolewa, ikawekewa magurudumu na kutumika katika vita vya nchi kavu. Mitatu ingalipo: mmoja Pretoria, mmoja katika Ngome ya Yesu mjini Mombasa, na mmoja Jinja nchini Uganda. Mwundaji anaweza kupima hapo unene na urefu wa mtutu. Hata hivyo asinakili magurudumu, kwa kuwa yaliongezwa nje ya meli.

Magurudumu hayo yanakumbusha pia kile ambacho mfano wa meli hauwezi kukionyesha. Mizinga ilivutwa porini kwa nguvu za watu, na katika vita hivyo wapagazi Waafrika walikufa kwa maelfu kwa magonjwa, njaa na uchovu. Majina yao mengi hayakuandikwa popote, ilhali vipimo vya meli vinajulikana hadi nukta ya desimali. Kwa sababu hiyo, kibao cha maelezo chini ya mfano hakipaswi kuishia kwenye jina la meli na la nahodha. Kitaje tarehe, mahali, na waliobeba mizigo yake. Maneno machache yanatosha, na hayahitaji kupunguzwa kwa uwiano wowote.