Sufu na Sufi

Ukitafuta uzi wa kufumia Tandika au Mbagala, usishangae muuzaji akikupa donge laini la rangi ya waridi na kukuambia ni sufi. Mwingine atasema sufu. Mara nyingi donge hilo si sufi wala si sufu, ni akriliki, mtoto wa mafuta ya petroli.

Sufi hutoka kwenye maganda ya msufi, nasi huijaza kwenye mito na magodoro. Nyuzi zake ni fupi na telezi, kwa hiyo ni kazi kuzisokota. Sufu ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nalo ni manyoya ya mnyama: kondoo, mbuzi, hata ngamia. Kondoo wetu wekundu wa Kimasai wana nywele fupi tu, basi sufu ya pwani ilifika kwa jahazi. Hata joho asili yake ni kitambaa kizito cha sufu, ingawa la mahafali pale Chuo Kikuu, Mlimani, siku hizi halijawahi kumwona kondoo.

Sufu ghali kuliko nyingi ni kashmiri. Hii ni manyoya ya ndani ya mbuzi wa nchi za baridi, huchanwa baridi inapoisha. Mbuzi mmoja hutoa gramu 150 hadi 200 hivi kwa mwaka, na unene wa unyoya kwa wastani hauzidi maikroni 19. Unywele wa binadamu ni kama 70.

Na neno kufuma je? Kwenye kitanda cha mfumi, nyuzi za mtande hutandazwa zikakazwa, kisha mshindio hupitishwa juu na chini yake. Kina mama wa Temeke wanaofuma vitambaa vya makochi hawana mtande wala mshindio. Wana uzi mmoja na sindano yenye ndoana. Kufuma kumebeba kazi zote hizo bila kumdhuru mtu, na sioni haja ya kuwasahihisha.

Neno sufu ndilo la kulindwa, maana hapo pana bei. Wakikuuzia shali "ya sufu", omba kipande cha uzi na kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika vidoleni. Akriliki huyeyuka, ikapoa kuwa kijidonge kigumu cheusi. Ukikiona hicho, lipa bei ya akriliki.