Yungiyungi la Mashyuza na Hesabu ya Mwanga katika Picha za Karibu

Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Eberhard Fischer, alikuta katika chemchemi ya maji ya moto ya Mashyuza, eneo la Bugarama kusini-magharibi mwa Rwanda, yungiyungi dogo kuliko yote yanayojulikana duniani, ambalo lilipewa jina la kisayansi Nymphaea thermarum na ambalo majani yake huweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu. Liliota kwenye tope pembeni mwa chemchemi, mahali ambapo maji yalikuwa yamepoa hadi nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Hizo zilikuwa zama za filamu, ambapo aliyepiga picha ya kitu kidogo namna hiyo hakujua kama amefaulu mpaka filamu isafishwe.

Ugumu wa kwanza wa picha ya karibu umo ndani ya kamera yenyewe. Ili kitu kidogo kionekane kikubwa, lenzi husogezwa mbali na filamu kwa pete za kuirefusha, na kadiri inavyosogea ndivyo mwanga unavyotawanyika na kuifikia filamu ukiwa hafifu. Jani la sentimita 1 likipigwa kwa ukubwa wake halisi, yaani picha yake juu ya filamu iwe na upana wa sentimita 1 vilevile, mwanga hupungua hadi robo na hubidi uongezwe mara 4. Likipigwa kwa nusu ya ukubwa huo, huongezwa mara 2 na robo. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilifanywa kwa kichwa au kwa majedwali, kwa kuwa kipima-mwanga kilishikwa mkononi na hakikuweza kutambua lenzi imesogezwa kiasi gani. Kamera za Kijapani, Topcon RE Super ya mwaka 1963 na Pentax Spotmatic ya mwaka 1964, ziliondoa mzigo huo kwa kupima mwanga uliokwisha kupita ndani ya lenzi.

Ugumu wa pili haukuondolewa na kamera hizo. Kipima-mwanga cha kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga, ilhali ua la yungiyungi hili ni jeupe lenye njano katikati. Ua likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na weupe ukawa kijivu. Tope jeusi likipimwa badala yake, petali huungua zikabaki doa lisilo na umbo. Filamu ya slaidi, ambayo hutoa picha iliyo tayari kutazamwa bila kuchapishwa, ilithaminiwa kwa rangi zake lakini haikuvumilia kosa la hata hatua moja, yaani mwanga kuzidi mara mbili au kupungua nusu. Kwa sababu hiyo wapigapicha makini walipima kadi ya kijivu iliyowekwa kando ya ua, au kiganja cha mkono, ambacho hung'aa kama hatua moja zaidi ya kadi, kisha wakapiga fremu tatu zenye mwanga tofauti.

Uangalifu huo ulistahili kila fremu iliyotumika, kwa maana mmea uliokaushwa hupoteza rangi, na mnamo 2008 yungiyungi hilo lilitoweka Mashyuza baada ya maji ya chemchemi kuelekezwa kwenye matumizi mengine. Lilinusurika kwa mimea na mbegu zilizotunzwa katika bustani ya Bonn, na mwaka 2009 Carlos Magdalena wa bustani ya Kew, London, alifaulu kuziotesha mbegu hizo. Mwaka 2023 lilionekana tena likiota porini nchini Rwanda. Yeyote aliye na slaidi za vinamasi vya Bugarama za miaka ya 1980 na azikabidhi kwa chuo kikuu au makumbusho, pamoja na kumbukumbu za tundu la lenzi na kasi ya shata zilizotumika, ili rangi ya mmea wa zamani ilinganishwe kwa haki na ya ule unaoota leo.