Lenzi na Bi Harusi: Kioo Kilikotoka na Nani Aliyekishika



Kila ukiingia Mfunguo Mosi harusi huanza kufuatana, na maswali yenu nayo hutufuata. Singo tumeshaieleza, hina na piko tumeandika hata tumechoka. Mwaka huu wengi mmetuuliza habari ya kamera: mpiga picha gani mzuri, ana lenzi gani, na mbona bei ya huyu ni mara mbili ya yule. Tulianza kuandika orodha ya vifaa, tukaona haitoshi. Kile kioo kilichofungwa mbele ya kamera kina historia yake, na ukiijua utajua la kumuuliza mpiga picha kabla hujampa arbuni.

Tuanze kwa Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na akaishi sehemu kubwa ya umri wake Cairo. Kabla yake, wengi katika wanachuoni wa Kigiriki walishikilia kuwa jicho linatoa miale inayokwenda kuvigusa vitu. Yeye, katika Kitab al-Manazir, alionesha kuwa mwanga unatoka kwenye kitu ukaingia jichoni. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu dogo la chumba chenye giza, na ndani ukutani yakaonekana madoa ya mwanga, kila taa na doa lake. Taa moja ikizibwa, doa lake peke yake linapotea. Chumba hicho kwa Kiarabu ni al-bayt al-muzlim, nyumba yenye giza. Wapo wanaoandika kuwa yeye ndiye aliyevumbua kamera. Hao wanazidisha, na mwanachuoni kama yule hana haja ya kuzidishiwa. Picha hakuhifadhi hata moja. Alichofanya ni kuwafahamisha watu mwanga unavyokwenda, na kitabu chake kilipofasiriwa kwa Kilatini, watu wa Ulaya walikisoma kwa karne nyingi.

Picha ya kuhifadhika ilitangazwa Paris mwaka 1839, kazi ya Daguerre. Lakini lenzi za siku zile zilipitisha mwanga kidogo mno. Anayepigwa picha ilimpasa atulie dakika kadhaa mbele ya mwanga mkali, kisogo kimeegemezwa kwenye chuma asitikisike. Mfikirieni bi harusi na mapambo yake katika hali hiyo! Mwaka 1840 Joseph Petzval, mwalimu wa hesabu wa Vienna, akapiga hesabu za lenzi mpya ya kupigia picha za watu, akisaidiwa na askari wa mizinga waliokuwa mabingwa wa kukokotoa. Voigtländer wakaitengeneza. Ilikuwa f/3.6, na ilipitisha mwanga karibu mara 16 kuliko lenzi iliyotumika kwenye kamera ya Daguerre.

Namba hiyo ya f ndiyo ile ile iliyoandikwa kwenye lenzi za leo. Ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa. Lenzi ya Petzval ilikuwa na aibu moja: katikati picha ilitoka kali, pembeni ikafifia na kuzunguka. Aibu hiyo leo ndiyo inayolipiwa. Lenzi ya 85mm yenye f/1.8 au f/1.4 imeundwa kwa ufundi mwengine, lakini kazi yake ni ile ile: kuukamata uso ndani ya ukumbi wenye mwanga hafifu bila ya kumpiga bi harusi flashi ya usoni inayopausha ngozi na kuua wanja, huku viti vya plastiki nyuma yake vikiyeyuka visionekane. Bei ya juu mnayoilalamikia sehemu yake kubwa imo humo, kwenye kioo kipana.

Unguja lenzi zilifika mapema. Mwishoni mwa karne ya 19 Mji Mkongwe ulikuwa na studio za watu waliotoka Goa, A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho. Baadaye, mwaka 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo bibi zetu waliijua vizuri. Bila studio hizo tusingejua leo kanga zilifungwaje wala nywele zilisukwaje. Lakini kuna jambo linalotuuma. Zama zile picha ilikuwa juu ya bamba la kioo, na bamba lilibaki studio. Aliyelishika bamba aliweza kuchapisha nakala kadiri apendavyo. Ndiyo maana hata leo zipo postikadi za zamani zenye sura za wanawake wa Unguja, zilizouzwa kwa wasafiri wa meli, na chini yake hakuna jina. Limeandikwa kabila tu, au neno "uzuri". Nani aliwauliza? Baadhi yao walikaa mbele ya kamera kwa sitara yao yote, sura zikaishia kwenye meza za watu wasiowajua.

Mahali pengine mwanamke wa Kiislamu alilitafutia jambo hili njia. Mwaka 1919, Istanbul ikiwa katika dhiki ya baada ya vita, Naciye Suman alifungua studio nyumbani mwake akatundika kibao kuwa ni nyumba ya picha ya wanawake wa Kituruki. Ufundi alikuwa ameupatia Austria, nchi ya Petzval. Wanawake waliokuwa hawawezi kukaa mbele ya mpiga picha mwanamme walikwenda kwake, na wengine walitaka picha ya kuwapelekea waume zao walio vitani. Lenzi ilikuwa ile ile ya studio nyengine. Kilichobadilika ni mkono ulioishika, na pahala bamba lilipolala usiku.

Sasa turudi ukumbini kwetu, siku ya wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa. Wengi mnahakikisha mpiga picha ni mwanamke, alhamdulillah, mkaishia hapo. Ulizeni na lenzi. Ile ndefu nyeupe au nyeusi, 70-200mm, ni nzuri kwa bi harusi aliye jukwaani, lakini kwa hiyo hiyo mtu aliye nyuma ya ukumbi anamvuta shangazi yako wa safu ya pili, kichwa wazi, anacheka, na hana habari. Mwenye 35mm hana budi amsogelee, na akimsogelea ataonekana, na anayeonekana anaweza kuambiwa hapana. Sisi tungemwambia mpiga picha: ndefu kwa jukwaani tu, fupi kwa wageni. Kwa hina ya mikononi, lenzi ya 100mm ya kukaribia vitu vidogo, basi.

Halafu kadi. Kadi ndiyo bamba la leo. Kamera nyingi za kazi zina nafasi mbili za kadi, kila picha ikaandikwa mara mbili kwa wakati mmoja. Bi harusi mmoja tunayemjua alipata picha nzuri sana, na wiki ya tatu akajiona kwenye simu ya mtu wa Pemba asiyemjua, kwa sababu mfanyakazi wa pahala zilipokwenda kusafishwa alijinakilia. Mpiga picha mwenyewe hakuwa na ubaya wowote. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kadi zitalala wapi.

Mdogo wake alipoolewa baada ya Idi, mama yao alinunua kadi mbili mpya kwa pesa zake, akazitia kwenye kamera mbele ya wote kabla ngoma haijaanza. Saa sita za usiku alizitoa mwenyewe. Picha zilichaguliwa na kusafishwa nyumbani kwao, kwa siku nne, mpiga picha amekuja na kompyuta yake na anakula chakula cha mchana hapo hapo.