Mapengo katika vipimo vya mionzi ya jua na jinsi yanavyojazwa

Rwanda, Uganda, Kenya na Burundi zote zina mitambo inayozalisha umeme wa jua kwa ajili ya gridi ya taifa: Rwamagana megawati 8.5, Soroti 10, Garissa 50 na Mubuga 7.5. Kabla ya mtambo wa aina hiyo kujengwa, sharti ijulikane ni kiasi gani cha mionzi huifikia ardhi ya mahali hapo. Makadirio ya umeme, bei yake na ulipaji wa mkopo hutegemea hesabu hiyo.

Mionzi hupimwa kwa piranomita, kifaa kinachoonyesha wati zinazofika katika kila mita ya mraba. Hata hivyo, kumbukumbu zake hazikosi mapengo. Umeme hukatika, radi huharibu nyaya, vumbi hufunika kioo, na mara nyingine kifaa huondolewa ili usahihi wake uhakikiwe.

Kosa kubwa ni kulihesabu pengo kuwa sifuri, kwa kuwa sifuri ni kipimo halali cha usiku. Kosa jingine ni kulipuuza. Tuseme mwezi una siku 20 angavu zenye kilowati-saa 6 kwa mita ya mraba kila siku, na siku 10 za mawingu zenye kilowati-saa 3. Wastani wa kweli ni 5. Vipimo vya siku za mawingu vikipotea na kuhesabiwa kuwa sifuri, wastani hushuka hadi 4. Vikiachwa nje, hupanda hadi 6. Hatari hii si ya kubuni tu, kwani dhoruba inayoleta mawingu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuzima kifaa.

Namna ya kujaza pengo hutegemea urefu wake. Pengo la dakika chache huweza kuzibwa kwa kuunganisha kipimo kilichotangulia na kinachofuata. Likidumu saa kadhaa, njia hiyo hukata kilele cha adhuhuri. Kwa hiyo wataalamu hutumia uwiano kati ya mionzi iliyofika ardhini na ile iliyo juu ya angahewa, ambayo hukokotolewa kutokana na tarehe, saa na mahali.

Pengo la siku au miezi huhitaji ushahidi mwingine. Kanuni iliyotolewa na Ångström mwaka 1924 na kurekebishwa na Prescott mwaka 1940 hukadiria mionzi kutokana na saa za jua kuwaka. Saa hizo huweza kurekodiwa na tufe la kioo linalounguza alama kwenye kadi bila kuhitaji umeme. Leo picha za setilaiti za Meteosat nazo hutumika, ila makadirio yake hulinganishwa kwanza na vipimo vya ardhini vya siku zisizo na pengo, ili tofauti irekebishwe.

Ubora wa njia yoyote hujaribiwa kwa kuficha vipimo vinavyojulikana, kuvikadiria, kisha kulinganisha matokeo. Hatimaye, kila thamani iliyojazwa hutiwa alama, na kipimo cha asili hakifutwi, ili mhandisi na mkopeshaji watambue kilichopimwa na kilichokadiriwa.