Diski zilizobaki kichwani: wapenzi wa Jazz wa Beni na Butembo



Katika karatasi tunazojaza kwa ajili ya familia zinazorudi, kuna mahali pa kuandika sufuria, godoro, mbuzi na jembe. Hakuna mahali pa kuandika diski. Lakini tukikaa na wazee, Oicha ao Butembo, mara mingi wanataja fono na diski zao hata kabla ya kitanda. Juu ya hiyo tumeona vizuri ukurasa huu ueleze namna watu wa kwetu walisikiliza Jazz, na kwa nini tunapashwa kuandika habari hizo mapema.

Jazz gani?

Kwetu, mzee akisema "Jazz" hafikiri Louis Armstrong. Anafikiri African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyoanza 1953, na OK Jazz ya Franco, iliyoanza Leopoldville mwezi wa 6, 1956. Jina lilitoka Marekani, ni kweli, na kulitumia ilikuwa kusema: sisi ni orkesta ya kisasa. Lakini muziki wenyewe ulikuwa rumba. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilitoa diski za muziki wa Cuba zenye alama GV, zikauzwa pia Afrika. Namba 1 ilikuwa El Manicero ya orkesta ya Don Azpiazu. Vijana wa Congo walizisikia na kutambua mapigo ya mababu waliovushwa bahari kwa nguvu. Kwa hiyo rumba yenyewe ilikimbizwa kwao, ikarudi. Wanamemba wetu wanaelewa safari ya namna hiyo bila kufasiriwa.

Mwaka wa 1948, Mgiriki Nico Jeronimidis alifungua nyumba ya diski ya Ngoma kule Leopoldville. Opika na Loningisa zikafuata. Upande mmoja wa diski za wakati ule, za mizunguko 78, uliingiza dakika tatu hivi tu, ndiyo maana nyimbo za zamani ni fupi. Zilipokuja diski ndogo za mizunguko 45, wimbo mrefu ulikatwa mara mbili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene. Wazee wanacheka bado wakikumbuka wachezaji waliosimama katikati ya uwanja, mkono kwa mkono, wakingoja diski igeuzwe.

Kusikiliza ilikuwa kazi ya wengi

Fono moja ilitosha avenue nzima. Mwenye fono peke yake aligusa sindano. Wengine walileta benchi, na watoto walisikilizia inje, dirishani. Redio ilifanya vilevile: mapili yakichoka, yalianikwa kwenye jua ili yapate nguvu kidogo ya wimbo mmoja ao miwili.

Wengi walikuwa wanasikia Kinande na Kiswahili tu, na nyimbo zilikuwa za Lingala. Walijifunza Lingala humo, neno kwa neno, wakiuliza waliopita jeshini ao Leopoldville. Waliopenda Kiswahili walikuwa na Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimurekodi kule Jadotville 1952, yeye na gitaa lake tu.

Diski ilikuwa pia gazeti. Indépendance Cha Cha ilizaliwa Bruxelles mwanzoni mwa 1960, wakati wa Meza ya Duara. Kabasele alikuwa pale na Docteur Nico, pamoja na Vicky Longomba na Brazzos wa OK Jazz. Ndani yake wametaja viongozi na vyama vya siasa. Mtu asiyejua kusoma alijua majina hayo kwa kucheza.

Mwenye kukusanya diski alikuwa na adabu yake. Alisoma karatasi ya katikati: rangi, namba, jina la mtungaji. Aliandika jina lake kwa kalamu, juu diski ya kuazimwa inasahau njia ya kurudi.

Baadaye biashara ikabadilika. Zaïrianisation ilitangazwa tarehe 30 Novemba 1973, na mwaka uliofuata kiwanda cha diski cha MAZADIS kikawekwa mikononi mwa Franco. Katika miaka ya 1980 kaseti zilishinda: ziko nyepesi, zinanakilishwa nyumbani. Leo vijana wanaweka nyimbo mia kwenye simu, bila jina la mwimbaji ao la mwaka.

Mgeni alibeba, sisi tulipoteza

Kuna jambo linalotuuma. Msafara wa Denis na Roosevelt, 1935-1936, ulirekodi pembe na malimba za Bapere. Mwaka wa 1952 Tracey alirekodi Wanande, Wabira na Wambuti kandokando ya msitu wa Ituri. Sauti alizochukua Tracey zinalindwa hadi leo Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954. Lakini diski ambazo baba zetu walinunua kwa franga za kahawa, nyingi hazipo tena. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya watu Beni yamekimbiza vijiji vizima, wengine mara tatu, mara ine. Mtu akikimbia usiku anabeba mtoto na sufuria. Diski ni nzito, na ile ya 78 inavunjika kama sahani.

Mwanamemba wetu mmoja alirudi akakuta majivu tu. Alipoombwa aorodheshe mali yake, alitaja diski kwa mpangilio zilivyokaa sandukuni: upande A, upande B, na ni nani alimuuzia. Sanduku liliungua, orodha ingali kichwani mwake. Yeye ni mzee. Mwezi wa 12, 2021, UNESCO iliandika rumba ya Congo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Tulifurahi, lakini hakuna mtu alikuja kumuuliza mzee huyo.

Tunaomba nini?

Kwa wanamemba: mwenye diski hata moja, asiiuze kwa bei ya chumvi kwa mpita njia. Aisimamishe wima, mbali na jua. Zile za 78 azipanguze kwa kitambaa laini tu, alkoli inaziharibu. Mwenye kukumbuka tu, aje vilevile. Tutaandika jina la wimbo, alinunua wapi, alisikiliza na nani.

Kwa wafadhili: bati na mbegu zinabaki mbele, hatubadilishi hiyo. Tunaomba kinasa sauti kimoja, madaftari, na nauli ya vijana wawili watakaozunguka wakisikiliza wazee. Katika karatasi zetu za vitu vilivyopotea, tumeongeza tayari mstari mmoja: diski, kaseti, redio, fono.